Vipimo vinapokataa kwenye AutoCAD: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Kipimo kwenye AutoCAD, programu ya kuchora michoro ya kiufundi kwa kompyuta, si maandishi. Kwa macho ni mstari, mishale miwili na nambari, lakini ndani yake ni chombo kinachopima. Kinashika nukta mbili za mchoro, kinatafuta umbali kati yake, kinauzidisha kwa kigezo kilichowekwa, kinaukadiria kwa desimali ulizotaka, ndipo kinaandika. Kosa linaweza kuingia katika hatua yoyote kati ya hizo, na kila hatua ina dalili zake. Kwa hiyo anayefuta nambari mbovu na kuandika iliyo sahihi juu yake hajatibu kitu. Ugonjwa umebaki mle mle, na sasa hakuna dalili ya kumwonyesha atakayekuja baadaye.

Majina ya amri na vigezo yaliyotumika hapa ni ya AutoCAD. Mengi yake yanafanya kazi vilevile kwenye programu nyingine zinazotumia mafaili ya DWG, kama BricsCAD na ZWCAD.

Kabla ya kugusa chochote

Bofya kipimo chenye tatizo mara moja, kisha bonyeza Ctrl+1 ili paleti ya Properties ifunguke. Soma mistari minne. Measurement ni umbali kwa hesabu ya programu yenyewe, bila kujali kilichoandikwa juu yake. Text override inatakiwa iwe tupu. Ikiwa na kitu, kuna mtu aliandika kwa mkono. Dim scale linear ni kigezo kinachozidisha nambari, na kwa kawaida ni 1. Dim scale overall kinazidisha ukubwa wa herufi na mishale, hakigusi nambari kabisa.

Vigezo hivi viwili vya mwisho ndivyo vinavyochanganywa kuliko vyote. Mtu anataka herufi zikue, anabadilisha Dim scale linear, herufi zinabaki zilivyo, lakini ukuta wa 4000 sasa unasomeka 200000. Kumbuka hivi: DIMLFAC (ndiyo Dim scale linear) ni ya nambari, DIMSCALE (ndiyo Dim scale overall) ni ya mwonekano.

Dalili: nambari si ile inayotakiwa

Chukua kikokotoo. Gawanya nambari inayoonekana kwa nambari unayoitarajia, kisha uangalie jibu. Uwiano huo mara nyingi unataja chanzo wenyewe.

Ukipata 25.4, au kinyume chake 0.03937, kuna inchi na milimita zimekutana. Ukuta wa milimita 4000 utasomeka 157.48 ikiwa faili lililetwa kwa inchi. Ukipata 304.8, ni futi na milimita. Ukipata 10, 100 au 1000, ni sentimita, milimita na mita. Katika hali zote hizi kipimo hakina kosa. Kitu chenyewe kimechorwa au kimeingizwa kwa ukubwa usio wake. Kubadilisha kizio kwenye amri ya UNITS hakukuzi wala hakupunguzi kilichokwisha kuchorwa. Amri hiyo inabadilisha namna nambari zinavyoandikwa, na inaieleza programu kizio cha kutumia wakati wa kuingiza vitu vingine. Dawa ni kukuza mchoro wenyewe: amri ya SCALE, chagua vyote, weka nukta ya msingi 0,0, kisha uandike kigezo, kwa mfano 25.4. Amri ya -DWGUNITS nayo inaweza kubadilisha vizio vya faili zima na kukuza vilivyomo. Ukishamaliza, pima kitu kimoja unachokijua kwa hakika, kama upana wa mlango, kabla ya kuendelea. Ili tatizo lisirudi, hakikisha kigezo cha INSUNITS ni kimoja katika faili linaloingizwa na lile linalopokea: 4 ni milimita, 6 ni mita, 1 ni inchi.

Uwiano ukilingana na skeli ya karatasi, yaani ukuta wa 4000 unasomeka 80 kwenye karatasi ya 1:50, kipimo kiliwekwa upande wa karatasi (paper space) na kinapima karatasi, si jengo. Andika DIMASSOC na uangalie thamani yake. Ikiwa ni 2, kipimo kinachowekwa juu ya kidirisha (viewport, dirisha la karatasi linaloonyesha mchoro) kinaweza kushika nukta za mchoro ulio ndani na kuandika umbali halisi. Ikiwa ni 1 au 0, kinapima milimita za karatasi. Weka 2, futa vipimo vibovu, uviweke upya huku ukinasa ncha za vitu vilivyomo ndani ya kidirisha. Kubadilisha DIMASSOC hakurekebishi vipimo vya zamani. Thamani mpya ni ya vitakavyofuata tu.

Uwiano ukiwa 2, 5 au 0.5, fungua Dim scale linear. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mchoro wa undani ulinakiliwa, ukakuzwa mara mbili, na mtindo wa vipimo ukapewa DIMLFAC ya 0.5 ili nambari zibaki sahihi. Ujanja huo unafanya kazi mpaka siku mtindo uleule utumike mahali pengine. Ikiwa ni lazima kufanya hivyo, unda mtindo wake pekee na uupe jina linalojieleza, mfano UNDANI-2X. Lililo bora zaidi ni kuacha mchoro katika ukubwa wake halisi na kufungua kidirisha cha pili chenye skeli kubwa. Kitu kimoja, ukubwa mmoja, vidirisha viwili. Hapo hakuna kigezo cha kusahau.

Na uwiano usipokuwa na maana yoyote, mathalani 1.0037 au 0.958, acha kutafuta kwenye mitindo. Hapo kuna moja kati ya mambo matatu: nambari iliandikwa kwa mkono, nukta haikunaswa vizuri, au mstari haujanyooka.

Nambari za mkono zinatafutwa hivi. Andika QSELECT, chagua aina ya kitu Rotated Dimension, sifa Text override, alama ya kutolingana, na nafasi ya thamani iache tupu. Vyote vilivyoandikwa kwa mkono vitachaguliwa kwa pamoja. Rudia kwa Aligned Dimension, maana programu inavihesabu kuwa aina mbili tofauti. Kisha futa yaliyomo kwenye mstari wa Text override, na nambari halisi itajitokeza. Usishangae mchoro mzima ukibadilika mbele yako. Ndivyo ulivyokuwa siku zote. Ukihitaji kuongeza maneno, weka alama <> (alama ya ndogo kuliko ikifuatwa na ya kubwa kuliko) mahali pa nambari: ukiandika 2x <>, nambari inaendelea kupimwa na maneno yako yanabaki. Na pale ambapo lazima nambari itofautiane na mchoro, kanuni ya michoro ya kiufundi ni kuipigia mstari chini, ili msomaji ajue kwamba sehemu hiyo haikuchorwa kwa skeli.

Kuhusu nukta: kuza karibu kabisa na ncha ya mstari wa pembeni wa kipimo. Mara nyingi utakuta nukta imeshika mstari wa vigae, ukingo wa lipu au katikati ya mstari badala ya ncha ya ukuta. Wakati wa kuweka vipimo, bonyeza F3 ili kunasa nukta (object snap) kuwashwe, na uache Endpoint na Intersection peke yake. Nearest izimwe, kwa sababu inanasa popote ilipo karibu na kishale, na kosa lake la milimita mbili tatu halionekani kwenye skrini.

Mstari usionyooka ni adui wa kimya. Chukua chumba ambacho ukuta wake mmoja umechorwa kutoka 0,3000 mpaka 6000,3008, na wa pili umelala sawasawa kwenye 0. Kwa macho chumba ni mstatili kamili. Ukipima upana upande wa kushoto unapata 3000, upande wa kulia 3008. Hakuna kipimo kilichokosea kati ya hivyo viwili. Chagua ukuta, angalia Delta Y kwenye Properties. Isipokuwa 0, hapo ndipo pa kutengeneza. Ulipaswa kuchorwa huku F8 imewashwa (Ortho, inayolazimisha mistari iwe mlalo au wima).

Usisahau pia tofauti ya DIMLINEAR na DIMALIGNED. Ya kwanza kwa kawaida inapima mlalo au wima, ya pili inafuata mwelekeo wa kitu. Boriti ya paa inayokwenda 4000 mlalo na 3000 wima ina urefu wa 5000. DIMLINEAR ya kawaida haitakupa 5000, na fundi atakayekata mbao kwa kusoma 4000 atapungukiwa na mita nzima.

Faili likiwa limetoka kwa wapima ardhi au limebadilishwa kutoka programu nyingine, hofia mhimili wa Z. Pima kwa amri ya DIST na usome mstari wa Delta Z. Nukta mbili zilizoachana 4000 kwenye ramani, moja ikiwa juu ya nyenzake kwa 300, zitapewa 4000 na kipimo cha mlalo lakini DIST itasema 4011.23. Chagua mistari na uweke Z yake 0 kupitia Properties, au tumia FLATTEN iliyomo kwenye Express Tools. Halafu weka OSNAPZ kuwa 1, ili unaponasa nukta zilizo juu programu itumie kimo cha kazi unayofanya badala ya kimo cha nukta hiyo.

Dalili: vipande havilingani na jumla

Ukuta wa 4000 umegawanywa mara tatu sawa. Kila kipande kinasomeka 1333, na juu yake kipimo cha jumla kinasema 4000. Anayejumlisha kwenye eneo la kazi anapata 3999. Kipande halisi ni 1333.333, programu imekadiria maandishi tu kwa sababu DIMDEC, idadi ya desimali, ni 0. Kuongeza desimali kunaondoa malalamiko bila kuondoa tatizo, kwani hakuna fundi atakayepima sehemu ya kumi ya milimita kwenye tofali. Amua wewe mchoraji: weka 1333, 1334, 1333 na uhamishe mistari ifuate uamuzi huo, au acha kipande kimoja bila kipimo ili kibebe masalio.

Hapa kuna kigezo kinachohitaji tahadhari ya pekee: DIMRND. Kikiwa 5, kila nambari inakadiriwa kwa 5 iliyo karibu. Ukuta wa 3998 utasomeka 4000, na wa 4002 vilevile. Mchoro unapendeza, makosa yamelala chini yake. Kiwe 0 mpaka mchoro uhakikiwe.

Dalili: herufi ni ndogo kama vumbi au zimefunika mchoro

Kanuni ni fupi: urefu wa herufi kwenye skrini ni DIMTXT mara DIMSCALE. DIMTXT iwe urefu unaotaka kuuona kwenye karatasi, tuseme milimita 2.5, na DIMSCALE ibebe skeli. Ukichora kwa milimita na kuchapa kwa 1:50, DIMSCALE ni 50 na herufi zitakuwa na urefu wa 125. Kwa 1:100 ni 100, herufi 250. Ukichora kwa mita, gawanya kwa 1000: kwa 1:50 DIMSCALE ni 0.05, kwa 1:100 ni 0.1. Wengi wanaochora kwa mita wanaweka 50, na kipimo cha kwanza kinazaa nambari kubwa kuliko jengo.

Usibadilishe DIMTXT, DIMASZ, DIMEXO na DIMGAP kimoja kimoja. Vinakuja vikiwa na uwiano baina yao. Kwenye kiolezo cha ISO ni 2.5 kwa herufi, 2.5 kwa mshale, 0.625 kwa mwanya wa mstari wa pembeni. Kubadilisha DIMSCALE peke yake kunavikuza vyote kwa pamoja.

Kama umebadilisha na hakuna kilichotokea, kuna sababu tatu zinazojirudia.

Ya kwanza: uliandika DIMSCALE kwenye mstari wa amri. Hilo linaongeza nyongeza juu ya mtindo uliopo, na linahusu vipimo vitakavyowekwa kuanzia hapo. Vya zamani vinabaki. Andika -DIMSTYLE, chagua Apply, kisha uchague vipimo unavyotaka vifuate. Au badilisha mtindo wenyewe ndani ya dirisha la DIMSTYLE kwa kitufe cha Modify, hapo vyote vya mtindo huo vitageuka, isipokuwa vilivyopewa thamani zake binafsi.

Ya pili: mtindo wa maandishi una urefu uliofungwa. Fungua STYLE; kama Height si 0, basi DIMTXT haisikilizwi. Rudisha 0. Dalili yake ni kwamba ndani ya DIMSTYLE, kwenye kichupo cha Text, nafasi ya Text height imefifia na haiandikiki.

Ya tatu: mtindo ni Annotative. Huo unapuuza DIMSCALE uliyoizoea na kufuata skeli iliyochaguliwa pembeni chini ya dirisha. Angalia kama jina la mtindo lina alama ndogo ya pembetatu kando yake kwenye orodha. Ikiwa ipo, badilisha skeli ya maandishi, si DIMSCALE. Kuchanganya mitindo ya namna zote mbili kwenye faili moja ni kujitafutia kazi. Chagua njia moja.

Dalili: umevuta ukuta, kipimo kimebaki nyuma

Uhusiano umekatika, au haukuwapo. Kwenye Properties mstari wa Associative utasema No. Washa ANNOMONITOR, na kila kipimo kisicho na uhusiano kitapata alama ya mshangao ya manjano. Ibofye, chagua Reassociate, kisha nasa ncha ya kwanza na ya pili. Kwa vingi, tumia DIMREASSOCIATE: chagua vipimo, programu inakuonyesha alama ya X mahali nukta ilipo sasa, nawe unanasa ncha inayostahili. Nukta ambayo hutaki kuigusa, bonyeza Enter uiruke.

Uhusiano unakatika zaidi pale ukuta unapofutwa na kuchorwa mwingine mahali pake. Kwa macho ni ukuta uleule, lakini kwa kipimo aliyekuwa ameshikwa mkono ameondoka. Ndiyo maana ni afadhali kuhamisha na kuvuta kuliko kufuta na kuchora upya. Ukitumia STRETCH kwenye kipimo kisicho na uhusiano, hakikisha dirisha la uteuzi limemeza pia nukta zake za asili, nacho kitafuata na nambari itabadilika.

Kipimo kikiwa vipande, mistari huku na nambari kule, kililipuliwa kwa EXPLODE au kiliwekwa DIMASSOC ikiwa 0. Hakirudi. Futa, weka upya. Na vipimo vya upande wa karatasi vinavyoonekana kuhama baada ya kuzungusha gurudumu la kipanya ndani ya kidirisha vinahitaji DIMREGEN tu.

Dalili: vinaonekana kwenye skrini, kwenye karatasi havipo

Anza na leya (layer), yaani tabaka la mchoro. Leya ya Defpoints inajitengeneza yenyewe mara unapoweka kipimo cha kwanza, na haichapwi. Ikiwa ndiyo iliyokuwa leya ya kazi, vipimo vyako vyote viko ndani yake. Vichague, uvihamishe kwenda leya ya vipimo, kisha weka jina la leya hiyo kwenye DIMLAYER, kigezo kilichoanza na AutoCAD 2016, ili kila kipimo kipya kiende huko chenyewe. Leya ikiwa nzuri, tazama alama ya printa kwenye orodha ya leya, na kama leya imegandishwa ndani ya kidirisha hicho pekee.

Vikikosekana kwenye kidirisha kimoja na kuonekana kwenye kingine, ni skeli za Annotative. Kipimo chenye skeli ya 1:100 peke yake hakionekani kwenye kidirisha cha 1:50. Kichague, andika OBJECTSCALE, ongeza 1:50. Kuweka ANNOALLVISIBLE kuwa 1 kutavionyesha vyote, lakini vitaonekana kwa ukubwa wa skeli vilizonazo. Tumia hilo kuvitafuta, si kuchapa.

Dalili: nambari na mishale vinasongamana

Ukuta wa milimita 100 kwa 1:50 una milimita 2 tu kwenye karatasi. Mishale miwili ya 2.5 inahitaji 5, bado nambari. Programu haina budi kutoa kitu nje, na kichupo cha Fit ndicho kinachoamua kitoke nini. Kwa michoro ya majengo, badilisha mishale kuwa vikwaju vya kusanifu, Architectural tick, yaani vistari vifupi vya mshazari, kwani kikwaju hakihitaji nafasi kati ya mistari. Weka DIMTOFL kuwa 1 ili mstari wa kipimo uendelee kuwapo hata nambari ikitoka. DIMTIX kuwa 1 inalazimisha nambari ikae ndani hata isipotosha, na itakata mistari, iache 0. Kwa kipimo kimoja kilichobanwa, shika kishikio cha bluu cha nambari ukivute pembeni. DIMTMOVE ikiwa 1 mstari mdogo utaiunganisha na mahali pake.

Mshale wa mstari wa maelezo usipoonekana kabisa, kipande cha kwanza cha mstari huo ni kifupi kuliko mara mbili ya urefu wa mshale. Urefushe.

Mengine madogo

Alama ya kipenyo ikitokea kama mraba au alama za kuuliza, fonti haina herufi hiyo au faili la fonti la SHX halipo kwenye kompyuta. Badilisha fonti ya mtindo wa maandishi. Alama yenyewe inaandikwa %%c, digrii %%d, na jumlisha-toa %%p. Nambari ikisomeka 3.50 badala ya 3.5, weka DIMZIN 8. Mkato badala ya nukta ya desimali hubadilishwa kwenye DIMDSEP. DIMCONTINUE ikianzia kipimo usichokitaka, bonyeza Enter mara moja kabla ya kubofya popote, kisha uchague kipimo cha kuanzia karibu na upande unaotaka uendelee, maana upande ulioubofya ndio unaofuatwa.